Nusu Kilo Kabla ya Sindano

Siku ile ningekuwa na uso wa akiba ningeuvaa, maana huu wangu ulikwisha palepale kwenye korido ya hospitali, mbele ya foleni nzima na mama mkwe wangu.

Kiwanda chetu kilipouzwa tukapunguzwa kazi, nami nikapungua mwili: silali, sili, natazama ukuta tu (mke wangu alifikia kunilisha uji kwa kijiko, mimi na ndevu zangu). Daktari akasema ni sonona. Akanitoa damu, akanianzishia vidonge, akasema atanitoa tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu wanachunguza kama damu inaweza kuonyesha mapema dawa itamfaa nani. "Si ramli," akanionya, "bado tunatafuta." Lakini mimi moyoni nilishaamua kwamba damu hiyo ndiyo itakayosema kama nitapona au ndiyo basi tena.

Damu ya pili ikaangukia Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Wakatoliki hatuli nyama, na daktari alishaagiza nisile kitu chochote tangu usiku. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Mgeta kuja kuniuguza, akanisindikiza na rozari yake. Sasa tunapita karibu na baa moja, nikasikia harufu ya kitimoto, nyama ya nguruwe, inakaangwa, na jamani, mate yakanijaa! Miezi yote ile hata wali wa Dakawa ulikuwa machicha mdomoni. Nikamwambia, "Mama, tangulia, nanunua gazeti." Kipande kimoja tu, nikajisemea, nikala nusu kilo na ndizi juu, nikasukutua, nikaenda kupanga foleni kwa upole kama mtoto wa komunyo.

Foleni ikajivuta, sindano nikachomwa saa sita. Baadaye mtu wa maabara akatokeza dirishani na kichupa: damu imezungushwa kwenye mashine, na yale maji ya juu yanayotakiwa kuwa maangavu yamekuwa meupe pee. "Nani mwenye damu hii? Kaka, umekula nini?"

"Uji," nikasema.

"Uji wa samli?"

Foleni ikaangua kicheko, daktari akatoka kuuliza kuna nini. Akaliangalia shati langu (doa la mafuta, tena na pilipili). "Sema kweli."

Mama mkwe yuko pembeni, rozari mkononi. Nikajua kwa uroho wangu nimeshaharibu kipimo changu cha kupona. "Kitimoto," nikasema. "Nusu kilo."

Nilitamani ardhi inimeze. Daktari akanitazama, kisha akacheka. "Damu hii hainifai, urudi Jumatatu. Ila wewe si ndiye uliyekuwa unalishwa kwa kijiko?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akapiga kigelegele, wodi ya jirani wakachungulia. "Kala! Jamani, mkwe wangu kala!" Akalia, nikalia, na aibu yote ikanitoka pamoja na machozi.

Nimeapa: siku ya kupimwa damu sipiti tena njia ya baa. Jumatatu nilirudi tumbo tupu, na mama mkwe akakaa nje ya maabara, hotipoti mapajani.

"Harakisha, baba," akaniambia, "chakula kisipoe."