Mbwa wa Baba Alipopelekwa Kupimwa

Baba alipofariki, mbwa wake alikuwa mzee tayari. Tulimzika baba kwenye migomba nyuma ya nyumba, kule mlimani juu ya Kikatiti. Mimi nikarudi mjini, Sombetini, kwenye kazi zangu, mama akabaki na mbwa.

Masika yalipokwisha, mama alinipigia simu. Mbwa amekonda, alisema, anakunywa maji kama ng'ombe, na kila alasiri anakwenda getini.

"Anakwenda kufanya nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Nilikwenda Jumapili, baada ya ibada. Ukungu ulipoanza kushuka kwenye mibuni, mbwa aliinuka kibarazani, akajikokota hadi getini, akatikisa mkia. Kisha akageuka na kurudi taratibu, kichwa amekiinua upande mmoja, kama anayeongozana na mtu. Penye mparachichi alisimama. Hapo ndipo baba, akirudi nyumbani alasiri, alipokuwa akipumzika mwaka wake wa mwisho, mkono kwenye shina. Nilipotazama nyumbani, mama alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. Mbwa alingoja kizingitini kidogo, halafu akalala.

Kesho yake tuliazima gari la jirani tukampeleka mjini. Daktari wa mifugo alikuwa dada kijana, mpole. Alimwamkia mama, akampandisha mbwa mezani. Alitazama meno, akasikiliza moyo, akamfunga kitambaa cha presha mguuni, akachukua damu na mkojo. Alimulika macho kwa tochi. Mwishowe akaangusha bakuli la chuma nyuma yake. Sisi tulishtuka. Mbwa hakutikisika.

"Haoni," alisema. "Wala si jambo la juzi. Na masikio nayo yamekwisha."

Mama alimpapasa mbwa kichwa. Daktari akaeleza kwamba figo zimeanza kuchoka na presha iko juu, na presha hiyo ndiyo iliyoharibu macho. "Macho hayarudi, ila figo tumeziwahi. Mbwa akishazeeka, mleteni apimwe hata kama haumwi. Pengine na macho tungeyawahi." Kisha akauliza, "Tabia yake je? Wengine huchanganyikiwa uzeeni, wanazunguka bila sababu, wanaukodolea macho ukuta. Ipo dawa ya kuwatuliza."

"Hapana," mama alisema. "Yuko sawa."

Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Si umesikia mwanangu? Ipo dawa. Akitulizwa, nani atakwenda getini?" Akageukia dirishani.

Alasiri ile, baada ya kumpa mbwa kidonge cha presha ndani ya tonge la ugali, nilikwenda kusimama katikati ya njia, kati ya mibuni. Nilitaka kuona. Mbwa alitoka getini polepole, macho yake yaliyo wazi yakinielekea bila kuniona. Aliponifikia alininusa goti. Halafu akasogea pembeni, akajibana kwenye matawi hadi yakamkwaruza mbavu, akapita. Kati yake na mimi aliacha nafasi. Njia ilikuwa pana na angeweza kupita bila kuguswa na jani, lakini aliacha nafasi ya kutosha mtu mzima mmoja.

Sikuthubutu kunyoosha mkono mahali pale.

"Shikamoo," nilisema.

Hakuna aliyeitikia. Mbwa alisimama kwenye mparachichi, akaendelea.

Dawa ya presha ilimkubali. Tulipomrudisha kupimwa tena alikuwa amenenepa kidogo, na figo hazikuwa zimezidi kuharibika. Safari hii nilimweleza daktari habari za getini na mparachichi. Alisikiliza bila kucheka, akasema mbwa mzee hukumbuka njia kwa miguu na pua. Huenda ni hivyo. Sikumtajia ile nafasi.

"Ile dawa ya kumtuliza, mnaitaka?" aliuliza.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshasimama, kamba ya mbwa mkononi, anaangalia saa ya ukutani.

"Twende," alisema. "Tutamchelewesha."