Wapishi Walioambiwa Wasitoke Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kibwezi, msimamizi wa lishe alinikabidhi utepe wa kupimia mikono ya watoto kabla hata hajanionyesha kiti. Utepe huo huzungushwa kwenye mkono wa juu. Kijani, mtoto yuko salama. Manjano, yuko hatarini. Nyekundu, apelekwe hospitali mara moja.

"Usiukaze, utaona njaa kila mahali," aliniambia. "Na usiulegeze ili ripoti ipendeze."

Sikupata tena mkubwa wa kazi kama yule. Nilihamishiwa vilima vya Kilungu, nikafundisha akina mama kukausha maembe na majani ya kunde. Kisha nikaangukia Kitui, katika shirika dogo la msaada, chini ya Mkurugenzi aliyependa hafla kuliko kazi.

Mwaka mvua ilipokosa misimu miwili, aliamua tuandae hafla ya kuonja vyakula: wageni wanunue tiketi, waonje vyakula vya Ukambani, na pesa ziende kwa wenye njaa. Wazo halikuwa baya. Lakini tulikaa mikutano mitatu tukijadili rangi ya vitambaa vya meza!

Niliwaleta akina mama wanne kutoka vijijini wapike. Mmoja wao, Mama Mutua, alipika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, pamoja na mbaazi. Mpishi wa hoteli akaupakua kijiko kimoja kimoja kwenye visahani na kuupamba kwa majani.

"Mwalimu," Mama Mutua aliniuliza, "hii ni chakula ama ni maua?"

Mkurugenzi akaniita kando. "Madam, hao wamama wasitoke jikoni. Wageni wakiwaona walivyokonda, watakosa hamu ya kula."

"Na hii njaa tunayochangia, bwana, ni ya nani?"

"Usianze, Madam."

Ukumbini, mgeni mmoja aliuliza nani amepika muthokoi. Mkurugenzi akamwonyesha mpishi wa hoteli. Sijui kilichonipata. Nilifungua mlango wa jikoni na kusema, "Mama Mutua, unaulizwa."

Alitoka na mwiko mkononi. "Nimepika mimi," alisema. "Msione nimesimama hapa mkadhani ni mashindano. Kwangu tunakunywa uji mara moja kwa siku. Mbaazi nimezishika leo baada ya miezi mingi."

Visahani viliwekwa chini. Watu walichanga kuliko tulivyotarajia, na miezi ile ya ukame chakula kilifika vijijini. Mimi nilipewa barua ya onyo.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, na Mkurugenzi, aliyekuwa amemficha Mama Mutua, sasa akamtaka jukwaani katika hafla ya pili. "Asimulie kama mwaka jana," aliniagiza. "Na akiweza, alie kidogo."

Mama Mutua alifika na debe la ndengu kichwani. Mlangoni akabandikwa kadi kifuani: MNUFAIKA. Mkurugenzi alipomweleza habari ya kulia, alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri.

"Nilie nini na nimevuna? Nimekuja kuchanga. Hii ndengu ni ya wale hawakupata mvua."

"Lakini mama, programu imeshachapishwa."

"Basi lia wewe."

Mkurugenzi akanigeukia nimsaidie. Nilibandua ile kadi, nikachukua nyingine, nikaandika kwa herufi kubwa: MFADHILI. Nikamketisha mstari wa mbele.

Barua ya pili ya onyo ilinikuta ninajaza fomu za kustaafu. Ninyi mnaoingia kazini sasa mna simu zinazopiga hesabu zote, na bado naona picha zenu za mtoto yuleyule mwenye nzi usoni. Inanichosha. Mtu hukumbwa na njaa, kisha mvua hurudi, hupanda, huvuna. Mama Mutua alihitaji mvua moja tu. Mkurugenzi hakumsamehe kamwe kwa kushiba.