Picha ya Kumi na Mbili

Wifi yangu ni mpiga picha, na kama hujawahi kuishi na mpiga picha, mshukuru Mungu wako. Ukila, anatazama mwanga ulivyokuangukia shavuni. Ukilia, vilevile. Nampenda sana, lakini jamani, ana kichwa kigumu!

Miaka ishirini amepiga picha za pasipoti katika kibanda chake pale sokoni, mkabala na meza yangu ya vifungo na nyuzi. Wateja wakipungua anashika kamera, anazunguka kupiga watu asiowajua: mpakia mizigo, muuza ndoo, bibi anayesubiri mvua ikatike. Wapo wanaopiga kwa kujibanza nyuma ya nguzo, kama wanawinda ndege. Yeye hapana. Lazima aombe kwanza.

"Ndiyo maana wanakukaukia," nilimwambia siku moja. "Mtu ukishamwomba anasimama kama amemeza mwiko."

Maneno yangu yalimwingia, akabuni mbinu. Akikubaliwa, anapiga moja ya huo mkao wa mwiko, anashusha kamera kifuani, anasema, "Asante, tumemaliza!" Mtu anashusha pumzi, anacheka, anajikuna, anarudi kuwa yeye. Paa! Anapigwa ya pili. Kisha anaonyeshwa zote mbili, na asiyoipenda inafutwa palepale mbele ya macho yake.

Mwaka huu viongozi wa soko walimaliza ukumbi mpya wa kuingilia, wakamwambia wifi alete picha kumi na mbili za kutundika ukutani, mtu mmoja kutoka kila safu ya vibanda. Alivyofurahi! Miaka yote hiyo picha zake zilikuwa zinaishia kwenye pochi za watu na mafaili ya ofisini. Lakini sharti ziwe zimetimia Ijumaa. Ikipungua hata moja, ukuta wote anapewa mchora mabango.

Jumatano alikuwa nazo kumi na moja. Iliyobaki ni ya safu yetu wenyewe, na safu yetu wengi wameshahama. Nipo mimi, yupo yeye, yupo Fundi Funguo.

"Nipige mimi basi!" nikasema.

"Wewe ndugu yangu. Watasema upendeleo."

Mnaona? Kichwa kigumu.

Na Fundi Funguo hapigwi picha. Zamani mtu alimpiga bila kumwomba, akiwa anacheka, na meno ya mbele hana. Picha ikazunguka kwenye simu na vichekesho chini yake, mpaka ikawafikia wakwe zake. Tangu siku hiyo akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Wifi alimwomba mara tatu, akakataliwa mara tatu.

Jioni hiyo wifi akaniita kibandani, akanionyesha kitu kwenye kamera kama mtu anayeonyesha jipu. Fundi Funguo amekunja mgongo juu ya ufunguo, anapuliza vumbi la chuma, na lile vumbi linang'aa hewani. Nzuri ajabu! Wifi aliipiga asubuhi kutoka mlangoni kwake, bila kuomba. Mkono ulimtangulia, alisema.

"Peleka hiyo hiyo!" nikamwambia. "Mdomo hata hauonekani. Atafanya nini?"

Akaizima kamera, akafunga kibanda. Alhamisi asubuhi nikamwona anavuka kwenda kwa fundi na kamera mkononi. Nikamfuata, umbea haukunipa nafasi ya kukaa.

"Kaka, nimekuibia," alisema. "Tazama. Nisamehe."

Fundi akaitazama muda mrefu. "Ni nzuri," akasema. "Ifute."

Akaifuta. Nilitamani kumtupia boksi zima la vifungo! Miaka ishirini ya kazi, kesho ndiyo Ijumaa, na mtu anafuta hivihivi! Wifi mwenyewe machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akageuka kuondoka.

"Dada, ngoja." Fundi alikuwa anajifuta mikono kwenye aproni. "Nipe hiyo kamera. Nionyeshe pa kubonyeza. Haya, simama hapo mlangoni."

"Nani, mimi?"

"Kwani wewe si wa safu hii?"

Wifi akasimama. Mnajua alisimamaje? Kama amemeza mwiko! Mabega juu, macho yamemtoka. Fundi akabonyeza, akashusha kamera kifuani.

"Asante," akasema, "tumemaliza!"

Wifi akashusha pumzi. Kisha akatambua alivyonaswa, akaangua kicheko cha nguvu, kichwa nyuma, mkono tumboni. Paa!

"Miaka yote nakuona unavyowafanyia watu," alisema fundi. "Peleka hiyo."

"Watasema najipendelea, kaka."

"Aliyepiga ni mimi. Waje waniulize mimi."

Ikapelekwa, ikatundikwa, ndiyo kubwa kuliko zote. Siku ya ufunguzi Fundi Funguo alisimama chini yake tangu asubuhi, akimvuta mkono kila anayeingia. "Hii nimepiga mimi! Mimi mwenyewe!" Alikuwa anacheka mdomo wazi, pengo lote nje, ule mkono wa kuziba ameusahau. Mwanga wa mlangoni ulimwangukia usoni hata mimi nisiyejua kitu nikauona.

Nikamvuta wifi haraka. "Wifi, kamera! Iko wapi kamera?"

"Ninayo hapa kwenye mkoba," akasema, akaendelea kumtazama tu.