Mchanga wa Kwetu Ndani ya Friza

Marehemu mume wangu alikuwa mpima mchanga, na msinicheke. Watu walikuwa wakiniuliza mwenzangu anafanya kazi gani, nikiwajibu wanadhani nawatania, eti mtu mzima analipwa kwa kuchezea mchanga. Kazini walimwita Taratibu. Alikuwa akimimina mchanga kwenye kisanduku kwa faneli, anaipandisha kidogo kidogo, na wakati huo ole wako ubamize mlango! Tabia hiyo akaileta nyumbani. Mimi niliyezoea kuwaita watoto kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, nikafundishwa kufunga kabati kwa kidole. Ilinikera, msiambiwe. Leo nyumba imekuwa kimya yenyewe, na ningetoa chochote nimsikie tena akisema, "Shhh."

Alichokuwa akitafuta ni ugumu wa mchanga, tena ugumu wa kila upande peke yake. Alinieleza mezani kwa punje za mchele. Mchanga ukitua, chembe zake hujilaza. Ukiukandamiza kutoka juu, unakaza. Ukiusukuma kutoka ubavuni, unalegea upesi zaidi, na ni mchanga uleule.

"Kumbe una kiburi kama wewe," nikamwambia. Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Sasa, mimi nilizaliwa kando ya mto, na huko ndiko alikonikuta. Alikuja na wenzake kuchukua mchanga wa kupima kabla bwawa halijajengwa. Waliugandisha ukiwa palepale ardhini, wakautoa mabonge mazima, kila bonge kama lilivyolala. Nilikwenda kuchota maji, nikamuuliza kama kwao hakuna mchanga. Ndivyo tulivyoanza. Baadaye bwawa likajaa, na kwetu kote kukazama: nyumba, njia, kaburi la bibi. Mabonge yakapimwa moja moja mpaka likabaki la mwisho. Wahandisi walilingojea, maana walitaka kuongeza kimo cha ukuta wa bwawa, na mchanga mwingine wa pale haupatikani tena.

Siku moja umeme ukakatika maabara. Mchana huo nikamwona anaingia amekumbatia sanduku la barafu, jasho linamtiririka.

"Mama, toa vyote kwenye friza."

"Na samaki wangu?"

"Wagawie majirani."

Weee! Nilimpa vidonge vyake siku hiyo. Lakini alipofunua lile sanduku nikaliona bonge, la kijivu, ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuwa mchanga wa palepale nilipokuwa nikitua ndoo yangu. Samaki niliwatoa mwenyewe, bila kuambiwa mara ya pili.

Wiki hiyo tulikuwa na mgeni, wifi yangu, dada yake mume wangu. Kwa usafi wifi hana mpinzani. Akikaa kwako siku mbili unaanza kuionea aibu dari yako. Asubuhi habari zikaja kwamba umeme wa maabara umerudi. Mume wangu akafungua friza, akapigwa na butwaa. Bonge lipo, limeganda vizuri, ndani ya mfuko mpya unaong'aa.

"Nani kabadilisha mfuko?"

"Mimi, kaka," wifi akajibu kwa fahari. "Ule ulikuwa unatia kinyaa, umechorwachorwa na kalamu. Nimeutupa, na bonge nimelilaza likakaa vizuri."

Jamani! Mchoro ule ulikuwa mshale wa kuonyesha juu. Bonge lilikuwa limekatwa sawasawa pande zote, na bila mshale hakuna aliyejua lilivyolala mtoni. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Mume wangu akaketi sakafuni, akashika tama.

"Nimekupotezea mto wenu," akaniambia.

Hakusema bonge, alisema mto. Sijapata kumwonea huruma kama siku ile. Wifi akaanza kulia, na mimi niliyekuwa nimemwekea maneno ya mwaka mzima nikayameza yote.

Mara mume wangu akanyanyuka. "Kati ya mielekeo mitatu, miwili itafanana," akasema. "Wa tatu utakaokaza zaidi ndio wa juu kwenda chini." Nikalipakata sanduku nikamfuata maabara, mara yangu ya kwanza kuingia humo. Alikata kipande kidogo cha bonge, akakiweka kwenye kisanduku chenye kuta za mpira zilizokibana sawasawa pande zote, akakiacha kiyeyuke. Kisha akatuma mtikisiko mdogo uingie upande mmoja utokee wa pili, akisoma kwenye kioo cha mashine umechukua muda gani. Palipo pagumu hupita upesi. Mwelekeo wa kwanza mtikisiko ukapita polepole. Wa pili ukapita upesi. Nilikuwa nimebana kikohozi mpaka machozi yananitoka. Wa tatu ukapita polepole, kama ule wa kwanza.

"Huu wa pili ndio wenyewe," akasema. "Juu ni ipi na chini ni ipi siwezi kuapa, lakini sasa najua ulivyosimama. Kwa kipimo chetu inatosha."

Bonge likapimwa lote, likaisha. Jioni moja akarudi na mchanga uliobaki kwenye kopo. Akatukalisha jikoni mimi na wifi, akatukataza hata kupumua kwa nguvu, akaumimina kwa faneli kwenye chupa, taratibu, utue kama ulivyotua mtoni. Mshale safari hii aliuchora kwenye chupa yenyewe, huku akimwangalia dada yake kwa jicho la pembeni. Wifi akamtupia kitambaa cha vyombo.

Juzi binti yangu amenihamishia kwake. Vyombo vyote vikapanda lori, chupa nikaketi nayo mbele, imesimama magotini.

"Mama, umepakata nini hicho, mtoto?" dereva akanitania.

"Nimepakata kwetu," nikamjibu. "Na ukishuka, mlango usiubamize."