Watu Watatu kwa Ajili ya Mama Mdogo

Ungefanya hivyo kama hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua? Swali hilo nilikuwa nawauliza wenzangu kila mara, mpaka siku dada mmoja wa kikundini aliponigeuzia: "Na wewe je?" Nikacheka. Nikasema ngoja nifikirie. Wakahamia kwenye mada nyingine.

Tulikuwa vijana wachache, wengi tumemaliza chuo, tukikutana Jumamosi sebuleni kwa mwenzetu mmoja Kinondoni, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Tulikuwa tumeokota mtandaoni wazo linalojadiliwa na vijana wa nchi nyingi: kwamba ukitaka kusaidia, usimsaidie mtu kwa sababu tu yuko karibu nawe. Tafuta mahali ambapo msaada wako utaokoa wengi zaidi, kisha utoe mpaka uumie. Kila mwezi tulichangia vyandarua na dawa za minyoo kwa watoto ambao hatutawaona. Mimi nililipenda wazo lenyewe kuliko nilivyowapenda waliolileta. Niliwapekua. Huyu anatoa ili asifiwe? Yule anavaa ndala kwa sababu hana viatu, au ili tuone kwamba amevaa ndala?

Ili mtu asije akanipekua mimi, niliacha kula mchana, pesa yake nikaiongeza kwenye mchango. Nauli na bando haviguswi, kwa hiyo nikagusa chakula. Kazini nilishindia chai ya rangi. Jioni, nyumbani kwetu Temeke, nilikula kidogo, kwa sababu tumbo lilikuwa limeshazoea. Mama alikuwa akifunua sahani yangu na kuniuliza, "Hao watoto wa vyandarua, wamekwambia wameshiba?"

Basi mama mdogo, anayekaa Chamazi, akaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi na lazima afanyiwe upasuaji. Alikuwa ametokwa na damu muda mrefu, akifagia uwanja inabidi akae chini kwanza ndipo amalizie. Hospitali ikasema hawatampangia siku mpaka ndugu walete watu watatu wa kuchangia damu. Mumewe alishachangia. Walibaki wawili.

Tukaenda watatu, ili mmoja awe wa akiba: mama, mimi, na mtoto wa mama mkubwa, dereva wa bajaji. Mama alipimwa presha, ikawa juu, akaambiwa akapumzike. Yule dereva akalala kitandani, akajipiga selfi sindano ikiwa mkononi, akadai soda mbili.

"Mie nimefuata soda hapa, nesi. Mama mdogo ni kisingizio tu."

"Utapata moja, na ukichelewa kunyamaza utapata maji," nesi akamjibu.

Ikafika zamu yangu. Nesi alinichoma kidole, akadondosha tone la damu kwenye kichupa chenye dawa ya bluu. Damu ikiwa ya kutosha, tone linazama. Langu likaelea.

"Damu yako ndogo, dada. Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Dereva wetu akanijibia kutoka kitandani: "Sista anakula vitabu. Sie tusiosoma tunatoa damu, wasomi wanatoa mawazo."

Mama hakucheka. "Bado mmoja," alisema, akachukua mkoba wake.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu. Nilidhani watasimama twende. Mwalimu alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, halafu akasema, "Lakini tuulizane kama kawaida yetu. Tukienda, tunaenda kwa sababu anahitaji damu kuliko wagonjwa wengine wote, au kwa sababu ni mama yako mdogo?"

Hakunionea. Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyasema mwenzetu mmoja alipotuomba tumsaidie kumtibu mjomba wake, na wote walikubaliana nami, hata yeye.

"Kwa sababu ni mama yangu mdogo," nikajibu. "Sina sababu nyingine."

Wakaanza kujadili. Mmoja alisema ni bora kikundi kizima kichangie kwenye benki ya damu, iende kwa yeyote atakayeihitaji. Mwingine akauliza kama tutakuwa tunavunja msimamo. Hoja zilikuwa nzuri. Nilizisikiliza huku nikimuona mama mdogo amekaa chini na ufagio wake.

Yule dada aliyewahi kunigeuzia swali alikuwa mlangoni, anavaa viatu.

"Mie naenda naye. Nyie malizeni, mtatuambia mmefikia wapi."

Tulipofika nje sikuweza kujizuia. "Unafanya hivi kwa nini?"

"We dada! Hata leo?" Akanishika mkono. "Twende bwana. Tupitie chipsi kwanza, nisije nikaelea kama wewe."

Tone lake lilizama moja kwa moja. Nilisimama pale nikilitazama kwa wivu. Watu watatu wakatimia, siku ikapangwa, mama mdogo akafanyiwa upasuaji na kurudi Chamazi. Mimi nikarudia kula mchana. Kikundi sikukiacha, vyandarua bado nachangia, na kupekua watu bado napekua, ingawa siku hizi nauliza kwa sauti ndogo.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa uani kwa mama mdogo tukimenya mihogo, nikamuuliza alijisikiaje kuwekewa damu ya watu. Akanishangaa. Hakuwekewa hata tone. Upasuaji ulikwenda vizuri, daktari hakuihitaji, na damu tuliyompelekea ilikuwa imeingia benki ya damu na kutumika kwa wagonjwa wengine kabla yeye hajaingia chumba cha upasuaji.