Rejeo la Kumi na Nne

Pale hospitalini, ukimwuliza mtu jina halisi la Mama Nukta, atakuna kichwa. Lakini ukiuliza ni nani huwapangia madaktari marejeo ya makala zao, hata mfagiaji atakupeleka mpaka mlangoni: ghorofa ya chini, kando ya stoo ya mashuka, chumba chenye meza moja, kompyuta inayokoroma na rula ya mbao iliyolika ukingo. Jina hilo alilipata kwa ubishi. Jarida likitaka nukta baada ya jina la makala, nukta itawekwa, na ole wake daktari bingwa atakayemwambia kwamba nukta moja haiui mtu.

"Dokta, huko juu mnatibu watu, huku chini natibu karatasi," humjibu. "Tusiingiliane."

Alikuwa na sharti moja tu. Halipangi rejeo lolote kabla hajaiona makala yenyewe kwa macho yake. Madaktari walinung'unika sana, maana wengi wao, tusidanganyane, huokota marejeo kwenye orodha za wenzao kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani bila kuuliza imetoka wapi.

Asubuhi hiyo alifika kazini akiwa na furaha ya kupitiliza. Binti yake alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita, mjukuu wa kwanza, na kabla wiki haijaisha mtoto alishikwa na homa, akalazwa hapohapo hospitalini, ghorofa ya tatu. Sasa binti alikuwa amepiga simu.

"Mama, homa imeshuka! Wamesema ile sindano moja ya juzi inatosha. Mchana tunaruhusiwa."

"Moja tu? Wewe ulipougua ukiwa mchanga walikudunga siku saba mfululizo. Ulilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikalia nawe."

"Hayo ya zamani, Mama. Siku hizi ni moja."

Mama Nukta akamshukuru Mungu na madaktari wake, akavuta kiti.

Kazi ya siku hiyo aliletewa na daktari wa wodi ya watoto wachanga, ileile alikolazwa mjukuu, kijana mpole anayetembea kama anakimbizwa. Makala yake ilieleza miaka mitatu ya kutibu maambukizi ya damu kwa sindano moja. Marejeo arobaini, na jarida lilikuwa linafunga mlango saa kumi jioni.

"Mama yangu, leo nihurumie. Panga tu."

"Nitapanga nikishaona. Nenda zako wodini."

Marejeo kumi na matatu ya kwanza yalikwenda bila shida. La kumi na nne likagoma. Aliitafuta makala yake maktabani, hakuna. Akalifungua jarida lililotajwa, toleo lilelile la mwaka uleule, akakuta kurasa zinaishia mia tatu, ilhali rejeo lilitaja ukurasa wa mia nne na kumi. Ajabu ni kwamba makala nyingine arobaini na moja zilikuwa zimelitaja rejeo hilohilo, za nchi mbalimbali, nyingi zenye maprofesa watupu. Akazifungua moja baada ya nyingine. Hii ilimtaja huyu, huyu alimtaja yule, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha kwamba aliisoma. Ya zamani kuliko zote ilikuwa tasnifu ya mwanafunzi mmoja, ya miaka kumi na moja iliyopita.

Ndipo aliposoma majina ya waandishi. Kwa kawaida yeye hutazama mkato, hatazami watu. Leo aliyatamka kwa sauti. La kwanza lilikuwa la bibi yake mzaa mama. La pili lilikuwa la mwalimu aliyemchapa kwa ajili ya hesabu. La tatu lilikuwa la mbwa wa jirani.

Akavuta droo ya chini kabisa. Karatasi ilikuwepo, imegeuka rangi. Miaka kumi na miwili nyuma aliwafundisha wanafunzi wa udaktari kupanga marejeo, na akawatungia mfano wa kujaza. Majina aliyabuni. Jarida alilichukua la kweli, ukurasa akaubuni. Kichwa cha makala alikiandika akikumbuka vilio vya binti yake: kwamba kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, sindano moja yatosha. Hakuandika anachokijua. Aliandika alichokitamani. Na mwanafunzi mmoja, akiijaza karatasi ile kwa marejeo yake, akasahau kuufuta mstari wa mfano.

Kwanza alicheka, kicheko cha kipumbavu kisicho na pumzi. Maprofesa wanamnukuu mbwa! Kisha akasikia tena sauti ya binti yake: siku hizi ni moja.

Ghorofa tatu alizipanda mbio, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye magoti mabovu, akiwa na karatasi mkononi na kiatu kimoja mguuni. Binti alikuwa ameketi kitandani, mtoto ameshafungwa vizuri kwenye shuka. Mama Nukta akapitisha mkono shingoni mwa mjukuu. Palikuwa pa moto.

"Hatoki mtu hapa! Huyu adungwe tena, sasa hivi!"

"Mama, tulia," nesi alisema. "Sisi tunafuata mwongozo. Si huo hapo ukutani?"

Kweli ulikuwepo, umewekewa fremu. Dozi moja, na pembeni namba ndogo. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, rejeo lake. Limepangwa sawasawa, halina kosa hata la nukta.

"Niliandika mimi," alisema. "Nimelitunga. Halipo."

Yule daktari kijana alifika akiwa anatabasamu. Akaisoma karatasi, akausoma ukuta, akairudia karatasi. Tabasamu likamtoka.

"Lakini Mama... makala arobaini na moja!"

"Zimenakiliana, baba. Nimezifungua zote."

"Na watoto wangu? Mia mbili na sita, wote homa ilishuka, wote walitoka hapa wazima."

"Huyu naye alikuwa anatoka mzima. Hebu mguse."

Daktari akamgusa. Akaagiza dawa kwa sauti iliyokwaruza, siku saba kamili. Mtoto akadungwa, akalia kwa nguvu zake zote, na safari hii bibi yake hakutamani anyamaze. Binti alimtazama mama yake kana kwamba hajawahi kumwona.

Nesi ndiye aliyeuliza. "Na wale waliokwisha kwenda nyumbani?"

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema polepole, "Tulihesabu waliotoka. Hatukuwahi kuwapigia."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama Nukta akaomba daftari la wodi na simu. Jarida lilifunga mlango wake saa kumi bila makala ile. Akaketi kwenye meza ya manesi, rula yake, aliyoagiza iletwe, ameiweka chini ya mstari wa kwanza, kama afanyavyo siku zote.

Wa kwanza alikuwa hai, anakimbia uani. Wa pili alikuwa hai, amevunja sahani asubuhi hiyohiyo, na mama yake akacheka simuni. Akaisogeza rula mstari wa tatu.

"Haloo, huyu mwanangu mdogo ananisumbua huku, sema tu," sauti ya mwanamke ilisema kwa haraka.

"Napiga kutoka hospitali. Nauliza hali ya yule mtoto uliyetoka naye wodini miaka mitatu iliyopita, yule aliyedungwa sindano moja."

Kisha mwanamke akauliza, kwa upole uliomchoma kuliko tusi, "Mbona mmeuliza leo? Yule tulimzika siku ya sita. Wewe ni nani?"

Alikuwa amezoea kuyafupisha majina ya watu, herufi moja na nukta. Akamtajia yule mama jina lake mwenyewe, lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kisha akaanza kumweleza.