Devota na Taya la Mama Mehrunissa

Devota wa Nguvumali, binti wa mkata mkonge, amewalaza watu usingizi wa upasuaji kwa miaka kumi na tisa bila kusita. Sasa anasita, na sababu wenzake wote wanaijua.

Mwezi uliopita alimlaza bwana mmoja, akamgusa kope, hazikucheza, akaona yatosha, kumbe usingizi haujakolea. Alipomtia kooni mpira wa kupitishia hewa, yule bwana aliung'ata, koo likajifunga, midomo ikabadilika rangi. Walimwokoa, akaenda kwao kwa miguu yake. Lakini Devota hakulala siku tatu. Aliapa kwamba likimtokea tena, ataomba kurudi wodini akapime watu presha.

Leo mgonjwa ni Mama Mehrunissa, mwenye duka la viungo Chumbageni, aliyekuja kutolewa uvimbe wa titi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilaze vyema. Hicho kisu sitaki hata kukiota!"

Dawa ikaingia mshipani. Midomo ya Mehrunissa ikaacha kuomba dua, tasbihi ikamponyoka vidoleni.

"Huyo kashalala," akasema Daktari Alexander, fundi wa kisu ambaye siku subira ilipogawiwa nadhani alikuwa safarini. "Tia mpira, sista, tuanze."

Devota akagusa kope. Kimya. Kope ndizo zilizomponza mara ile, basi hakuziamini. Akaweka vidole nyuma ya taya, chini ya masikio, akalisukuma mbele kwa nguvu. Maumivu hayo mtu aliyelala nusunusu hayavumilii. Kidole gumba cha mguu wa Mehrunissa kikajikunja.

"Bado, dokta."

"Bado nini? Tasbihi imeanguka, kope hazina habari!"

"Mguu umejibu."

Akaongeza dawa, akawa anampa hewa kwa barakoa. Alexander akaitazama saa ya ukutani, tena kwa makusudi aonekane.

"Aliyeumwa na nyoka," akasema, "akiona ung'ongo hushtuka."

Uso ukamwaka Devota, kwa kuwa ilikuwa kweli. Aliogopa. Hata hivyo akasukuma taya tena, na bega likanyanyuka kidogo. Akaongeza dawa, akangoja. Mara ya tatu taya likaja mbele bila ubishi na mwili wote ukatulia. Mpira ukateleza ukakaa mahali pake, kifua kikapanda na kushuka vizuri. Alexander akaomba kisu.

Alasiri, wodini, Mehrunissa alimmiminia daktari shukrani na dua mpaka mwenyewe akaona haya. Kisha akamgeukia Devota.

"Huyu kanipasua. Na wewe, mwanangu, ulifanya kazi gani?"

"Nilikusubiri, mama."

Mehrunissa akamshika mkono, hakuuachia upesi. Alexander akakohoa.

"Kesho tuna wagonjwa wanne, sista. Uwahi kufika, maana najua utatuchelewesha."

Devota akasema atawahi.